Kitenzi cha Misri ya Kale na Kitenzi cha Handeni

Wasikilizaji wa Handeni na Korogwe, kuna dai linalosikika shuleni, vijiweni na katika mijadala ya historia, kwamba lugha zetu za Kibantu ni watoto wa lugha ya Mafarao. Anayelitoa huleta maneno mawili matatu yanayofanana, huyapanga ubavu kwa ubavu, na kwake kesi imekwisha. Kwa maoni yangu kesi hiyo haijaanza. Maneno hukopwa kila siku: Mzigua akitamka meza hajawa Mreno, na akitamka shule hajawa Mjerumani. Anayetaka kujua nasaba ya lugha aende kwenye kitenzi, tena asiishie kwenye mzizi wake. Atazame utaratibu mzima wa namna kinavyobeba nafsi, njeo, ukanushaji na kauli, kisha aulize utaratibu huo ulikuwaje zamani. Jioni hii nitajaribu kuonyesha kwamba kitenzi cha Misri ya kale, kikisomwa hivyo, si mzazi wa kitenzi cha Kizigua, wala Kishambaa, wala Kiswahili. Na kwamba jambo hilo halitupunguzii chochote.

Tuanze na Misri yenyewe. Maandishi yake yalianza takriban miaka 3200 kabla ya Kristo, na mtu wa kwanza wa zama zetu kuyafungua sawasawa alikuwa Mfaransa Jean-François Champollion, mwaka 1822, kwa msaada wa jiwe la Rosetta lililopatikana mwaka 1799. Tangu hapo wanazuoni wamezoea kutumia kitenzi kimoja kama kielelezo, kitenzi cha kusikia. Konsonanti zake ni tatu, nao huitamka sejem, wakichomeka irabu e ili ulimi upate pa kupita, maana Wamisri hawakuandika irabu. Sasa sikiliza nafsi zinakokaa. Sejem-i ni mimi nasikia. Sejem-ek ni wewe mwanamume, na sejem-ech ni wewe mwanamke. Sejem-ef ni yeye mwanamume, sejem-es ni yeye mwanamke, sejem-sen ni wao. Nafsi iko nyuma ya mzizi, na inatenga mume na mke. Wakitaka kusema kwamba tendo limekamilika huingiza n kati ya mzizi na nafsi: sejem-en-ef, amesikia. Mtendwa hachomekwi ndani ya kitenzi. Husimama nje, baada yake. Na mzizi wenyewe ni mifupa ya konsonanti inayobadilishiwa irabu, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili analiona katika maneno tuliyopokea kutoka Kiarabu, kama kitabu na katibu, ambapo k, t na b zimebaki na irabu zimehama.

Maana za vitenzi vya Kimisri zinavutia kuliko maumbo yake, nami naomba tukae hapo kidogo. Lugha hiyo ina kitenzi rekh ambacho asili yake ni kujifunza au kupata habari. Msemaji anapotaka kusema "najua" hakiweki katika wakati uliopo. Anakiweka katika umbo la hali, lile linaloonyesha matokeo ya tendo lililokwisha: nimekwisha kujifunza, basi ninajua. Mswahili hashangai, kwa sababu naye anasema "amelala" na "amekaa" akimaanisha hali iliyopo sasa hivi. Kilichowasumbua wataalamu zaidi ni ukanushaji. Alama yake katika michoro ni mikono miwili iliyokunjuliwa, kama ya mtu anayesema hapana, hamna. Mwingereza Battiscombe Gunn alionyesha mwaka 1924 jambo lililowafumbua macho wenzake: ukiweka alama hiyo mbele ya sejem-en-ef, ambayo tumesema ni "amesikia", hupati "hajasikia". Unapata "hasikii", au hata "hawezi kusikia". Na ukiiweka mbele ya sejem-ef, ambayo mara nyingi ni "anasikia", unapata "hakusikia". Ukanushaji umepinda, haukufuata mstari wa uyakinishi.

Mgeni anayejifunza Kiswahili hukutana na kero ya aina hiyo hiyo. Anasoma, hasomi: ile -na- imepotea na irabu ya mwisho imegeuka. Alisoma, hakusoma: -li- imekwenda, imekuja -ku-. Amesoma, hajasoma: -me- imekwenda, imekuja -ja-. Hakuna hata jozi moja kati ya hizo ambayo unaweza kuitabiri kwa kuongeza tu alama ya kukana. Mtu mwenye haraka ya kutafuta ukoo angeruka hapa na kusema, naam, tumewapata ndugu zetu. Lakini tabia ya kitenzi kukanusha kwa mzunguko inapatikana pia kwenye lugha za pembe nyingine za dunia ambazo hazijawahi kukutana, kwa sababu kukana ni kazi ngumu kwa akili ya binadamu popote alipo. Anayekana tendo huwa pia anasema kitu kuhusu wakati, matarajio na uwezo. Ufanano wa tabia unatufundisha binadamu anavyofikiri. Kuhusu nani alizaliwa na nani, unahitajika ushahidi wa aina nyingine.

Ushahidi huo uko nyumbani kwenu. Chukua kitenzi cha Kizigua kudamanya, yaani kufanya. Kumfanyia mtu ni kudamanyiza, na kufanyiana ni kudamanyizana. Chukua kulombeza, kuomba. Kumwombea ni kulombezeza, na kuombeana ni kulombezezana. Kila kipande kinaongezwa nyuma ya mzizi kwa mpangilio maalumu, kwanza wa kutendea kisha wa kutendana. Mbele ya mzizi kuna nafsi, kuna njeo, kuna mtendwa, na nafsi hiyo haiulizi mume wala mke, inauliza ngeli. Mti huanguka kwa kiambishi chake na kisu kwa chake. Huo ni utaratibu wa Kibantu, na sehemu zake zinalingana kanuni kwa kanuni kutoka Kameruni hadi Afrika Kusini. Carl Meinhof alianza kuzipanga kanuni za sauti mwaka 1899, na A. E. Meeussen akaujenga upya muundo wa sarufi ya Kibantu cha kale mwaka 1967. Kizigua, pamoja na Kishambaa, Kibondei na Kinguu, ni kundi dogo ndani ya mti huo ambalo wanaisimu wameliita Seuta, jina ambalo wazee wa upande huu hawahitaji kuelezwa.

Kuna jambo jingine katika kitenzi cha Kizigua ambalo redio inaweza kulibeba kuliko karatasi. Katika kulombeza sauti hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema kulombezeza, kupanda kunahama, kunaenda tena kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema kulombezezana, kunahama tena. Kudamanya haina kupanda kokote, hata ukiirefusha. Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth walioichunguza toni ya Kizigua katika kazi yao ya mwaka 1990 walionyesha kwamba toni ya juu ni mali ya mzizi fulani au kiambishi fulani, ila haikai ilikozaliwa. Husafiri hadi karibu na mwisho. Na kiambishi cha nafsi ya tatu kina toni yake ya juu, wakati cha mimi na cha wewe hakina. Ndiyo maana hata kitenzi baridi kama kudamanya hupata mlio wa juu kinapomhusu yeye. Mzigua anafanya hivyo bila kufundishwa, tangu utotoni. Si jambo la kubahatisha wala la kukopa sokoni. Ni utaratibu, na ni wa Kibantu.

Sasa tuipe nafasi hoja ya upande wa pili, tena tuipe yenye nguvu. Mtetezi wa ukoo wa Misri anaweza kusema: Kimisri kina kiambishi s cha kusababisha, na Kiswahili kina -ish- na -esh-. Ankh ni kuishi, sankh ni kuhuisha. Men ni kuwa imara, semen ni kuimarisha. Kimisri kina tw ya kutendwa, na Kiswahili kina -w- ya kutendwa. Je, hayo nayo ni bahati? Najibu kwamba s ya Misri iko mbele ya mzizi na yetu iko nyuma, na hakuna aliyeonyesha njia ambayo ingetoka mbele ikaja nyuma katika lugha mamia ya Kibantu bila kuacha hata moja njiani. Zaidi ya hapo, -sh- na -z- zetu, ukizifuata kwa kanuni za sauti hadi Kibantu cha kale, hazifiki kwenye s. Zinafika kwenye irabu i iliyolainisha konsonanti iliyokuwa mbele yake. Ndiyo maana lala huzaa laza na pona huzaa ponya, ambako hakuna -sh- kabisa. Ama tw ya Misri, hiyo hiyo husimama mahali pa nafsi, kwa maana ya mtu asiyetajwa. Ni jamaa ya viwakilishi. Sauti s, n, k na w ni miongoni mwa sauti za kawaida kabisa katika vinywa vya wanadamu, na lugha zozote mbili ukizipekua kwa siku moja zitakupa ufanano wa namna hiyo.

Mtego mkubwa zaidi uko katika umri wa baadaye wa lugha yenyewe. Kimisri hakikufa na Mafarao. Kiliendelea, kikaandikwa kwa herufi zilizotokana na Kigiriki, kikaitwa Kikopti, na hata leo kinasomwa katika ibada za Kanisa la Kikopti. Kwa Kikopti "alisikia" ni afsotem. Ukikata unapata a, kisha f, kisha sotem: njeo, nafsi, mzizi. Nafsi imekuja mbele! Na "atasikia" ni fnasotem: f ya nafsi, na ya njeo, kisha mzizi. Iweke pembeni mwa anasikia ya Kiswahili. Nafsi, na, mzizi. Mpangilio ule ule, hata ile na ipo mahali pake. Sijui mfano mwingine unaoshawishi kiasi hiki, na ni wa uongo kutoka mwanzo hadi mwisho. Na ya Kikopti inatokana na kitenzi cha kwenda, ndiyo maana inabeba wakati ujao. Na ya Kiswahili inatokana na ile na ya "kuwa na", ndiyo maana inabeba wakati uliopo. Tena -na- yetu si ya kale: Kizigua hakiitumii, chenyewe kinasema kwa -a-, na Kiswahili chenyewe bado kinayo "asoma" na "wasema" kando ya "anasoma" na "wanasema". Ama nafsi za Kikopti, zilifika mbele kwa sababu Wamisri wa baadaye walianza kusema "alifanya kusikia" badala ya "alisikia". Kitenzi cha kufanya kilibeba nafsi nyuma yake kama kawaida, kisha kikachakaa hadi kubaki irabu moja, a. Kwa hiyo f ile iko nyuma bado. Iko nyuma ya kitenzi kilichofutika.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa hoja yangu. Kama Kibantu kingekuwa mtoto wa Kimisri, kingefanana zaidi na Kimisri cha kale kuliko na cha karibuni, maana kutengana kwao kungekuwa kulitokea zamani sana. Tunachokiona ni kinyume. Kadiri tunavyorudi nyuma, ndivyo kitenzi cha Misri kinavyokwenda mbali na chetu: nafsi nyuma, jinsia mbili, mizizi ya konsonanti, hakuna kauli ya kutendea iliyoshonwa ndani. Alipotaka kusema "mfanyie" Mmisri alitumia neno dogo la "kwa" nje ya kitenzi, pale ambapo Mzigua anatia -iza ndani. Ufanano umekuja mwishoni, kila upande kwa njia yake. Na njia hizo zinajulikana hatua kwa hatua, kwa upande wa Misri kwa sababu tuna maandishi ya zaidi ya miaka 3000 mfululizo. Hakuna lugha nyingine ya Afrika iliyotuachia kumbukumbu ndefu hivyo ya kitenzi kikibadilika.

Wapo watakaonikumbusha Cheikh Anta Diop wa Senegali na Théophile Obenga wa Kongo, nao hawafai kupitwa kwa kejeli. Katika kongamano la UNESCO lililofanyika Cairo tarehe 28 Januari hadi 3 Februari 1974 walisimama mbele ya wataalamu wa Misri kutoka nchi mbalimbali na kutaka bara hili lihesabiwe. Diop hakuleta orodha ya maneno matupu. Alipanga kitenzi kef, kushika, kwa Kimisri na kwa Kiwolofu, nafsi kwa nafsi, kisha mwaka 1977 akatoa kitabu kizima kuhusu undugu wa Kimisri na lugha za Waafrika weusi. Alijua mahali pa kutafuta, na hilo ni sifa. Lakini Kiwolofu si Kibantu. Ni lugha ya Afrika ya Magharibi ambayo nafsi zake nyingi hufuata mzizi. Hata tungekubali jedwali lake lote, lingekuwa limesema jambo kuhusu Dakar, si kuhusu Mkata wala Mombo. Na jedwali la kitenzi kimoja halitoshi hata kwa Dakar. Undugu hudai kanuni inayorudiarudia: sauti hii ya kule iwe sauti ile ya huku katika maneno kwa makumi, siyo katika neno lililochaguliwa.

Pingamizi linalofuata lina uchungu zaidi: kwamba kuitenga Misri na Kibantu ni hila ya wageni ya kuitoa Misri Afrika. Ninaelewa lilikotoka, kwa kuwa hila hiyo ilikuwepo kweli. Wapo wasomi wa karne ya 19 na ya 20 walioandika kana kwamba Waafrika hawakuhusika kabisa na ustaarabu wa Nile. Hata hivyo tazama Kimisri kimewekwa wapi. Kimo katika ukoo ambao Joseph Greenberg aliuita Afroasia, kazi aliyoikamilisha katika kitabu chake cha mwaka 1963. Ndani yake kuna Kihausa cha Nigeria na Niger, lugha za Waberberi, Kioromo, Kisomali, Kiamhari, Kiarabu na Kiebrania. Matawi yake yote yako Afrika, na ni tawi moja tu lililoenea pia Asia. Wataalamu wengi wanaona chimbuko lake ni kaskazini mashariki mwa Afrika. Na ndugu zake wako Tanzania: Wairaqw wa Mbulu, Wagorowa wa Babati, Waalagwa na Waburunge wa upande wa Kondoa. Kitenzi cha Kiiraqw kinatenga yeye mwanamume na yeye mwanamke, kama sejem-ef na sejem-es. Mtanzania anayemtafuta jamaa wa mbali wa Farao katika nchi hii apande basi la Mbulu. Kusema Kimisri si Kibantu ni kusema tu kwamba Afrika ina koo kadhaa za lugha, jambo ambalo Mtanzania analijua kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa nchi yake inazo nne.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonipa taabu ya kweli, nalo halitoki mbali. Linatoka juu ya Korogwe, katika milima ya Usambara. Huko wanaishi Wambugu. Wana lugha mbili zinazotumia sarufi moja. Ya kwanza inakaribiana sana na Kipare. Ya pili, ambayo wenyewe huiita Kima'a, ina maneno mengi yenye asili ya Kikushi, yaani ya ukoo ule ule wa Kiiraqw na, kwa mbali, wa Kimisri. Lakini mizizi hiyo imevishwa ngeli za Kibantu na viambishi vya vitenzi vya Kibantu. Greenberg aliiweka Kikushi; Morris Goodman aliita habari yake ya ajabu katika makala ya mwaka 1971; Maarten Mous aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2003, kueleza ilivyoundwa. Basi mpinzani ataniambia: wewe unadai kitenzi hakidanganyi, na hapa pana watu ambao uambishaji wao wa kitenzi ni wa Kibantu huku sehemu ya asili yao ni ya Kikushi. Ukifuata kitenzi peke yake, umewapoteza babu zao.

Ni kweli, na ninalazimika kuirekebisha kauli yangu kwa kadiri hiyo. Kitenzi kinatoa ushahidi wa utaratibu ambao watoto waliukulia, na watoto wa Wambugu kwa vizazi vingi walikulia katika utaratibu wa Kipare. Maneno yao waliyashika kwa makusudi, ili wabaki Wambugu. Lakini angalia jinsi tulivyoyajua hayo: kwa kutenganisha mzizi na viambishi na kuvipeleka kila kimoja kwa ukoo wake kwa kanuni za sauti. Kima'a kinavunja ile njia ya kuchukua maneno matatu na kutoa hukumu. Njia ya kuchunguza utaratibu wote kinaithibitisha. Tena kinatuonyesha jambo la kustaajabisha, kwamba mkutano wa ukoo wa Kimisri na ukoo wa Kibantu haukuhitaji kufanyika Memphis wala Thebes. Umefanyika Lushoto, ndani ya kitenzi, na unasikika hadi leo.

Kuna kisa cha upande wa pili, na hiki ni cha Handeni kabisa. Katika karne ya 19, miaka ya njaa, Wazigua walichukuliwa kutoka nchi hii wakapelekwa kwa majahazi hadi Somalia, wakauzwa utumwani. Wengi walitoroka wakaweka makazi katika bonde la mto Juba. Waliishi huko zaidi ya miaka 150, wakizungukwa na Kisomali, lugha ya Kikushi, jamaa ya Kiiraqw na Kimisri. Walikopa maneno ya Kisomali. Dini yao, mavazi na majina yakabadilika. Kitenzi hakikubadilika ukoo: nafsi mbele, kauli nyuma, ngeli mahali pake. Vita vilipoanza mwaka 1991 wakakimbia, wengine Kenya na baadaye Marekani, ambako maelfu walipokewa tangu mwaka 2003 na 2004, wengine wakaja moja kwa moja Tanga, wakawekwa Mkuyu na kisha Chogo, hapa wilayani Handeni. Waliweza kuelewana na wenyeji. Kilichofanya waelewane si kumbukumbu ya vitabu, maana hawakuwa navyo. Ni huo utaratibu wa kitenzi ambao wazazi waliwapa watoto wao kandokando ya Juba kwa vizazi kadhaa, bila shule na bila serikali iliyowajali. Huo ni undugu uliothibitika, na mtu hakuhitaji kuuvuta kwa nguvu.

Labda msikilizaji anauliza tunawezaje kuwa na uhakika kuhusu kitenzi cha Misri ikiwa irabu zake hazikuandikwa. Swali ni la haki. Baadhi ya irabu tunazipata kwa kurudi nyuma kutoka Kikopti. Nyingine tunazipata kwa majirani waliokuwa wakiandika kwa alama za Babeli, ambazo zilionyesha irabu. Katika barua za zama za Ramesses wa Pili jina lake la kifalme limeandikwa Washmuaria. Bado kuna maumbo ya sejem-ef ambayo kwa macho yanafanana kabisa, na bila shaka kwa masikio hayakufanana. Hans Jakob Polotsky, katika kazi yake ya mwaka 1944, alibaini kwamba baadhi ya maumbo yalitumika pale ambapo uzito wa sentensi uko nje ya kitenzi, kwenye wapi, lini au kwa nini. Mshambaa wa Korogwe anaweza kutabasamu hapa, kwa sababu Kishambaa nacho kina maumbo mawili ya kitenzi kutegemea kama uzito uko kwenye tendo au kwenye kinachofuata. Polotsky alihitaji miaka ya kuchambua maandishi ya Kikopti ili aone kile ambacho bibi wa Vuga anakitenda anapomwambia mjukuu wake kwamba wanalima shambani, si nyumbani.

Na sisi tunarudia kosa la waandishi wa Misri. Kizigua kinapoandikwa kwa kawaida hakiwekewi alama za toni. Mmisri aliacha irabu kwa kuwa msomaji wake alizijua. Mzigua anaacha toni kwa kuwa msomaji wake anazijua. Siku wasomaji hao wakipungua, na wanapungua kwa sababu watoto wa mijini wanakulia Kiswahili, kitabaki kitenzi kisicho na sauti. Kazi nzuri zipo: kamusi ya Kizigua ya mmisionari Kisbey ya mwaka 1906, na kwa jirani, uchunguzi wa njeo na hali katika Kishambaa alioufanya Ruth Besha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1989. Huo wa Besha unafaa kuwa kipimo, kwa sababu uliandikwa na Mtanzania na ulikichukua kitenzi kwa ukamilifu wake.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa sekondari wa Handeni na Korogwe, na kwa wanachuo wa Chuo cha Ualimu Korogwe. Simu zenu zina kinasa sauti. Chagueni vitenzi ishirini vya Kizigua, vingine vyenye toni ya juu kama kulombeza na vingine visivyo nayo kama kudamanya. Waombeni mzee mmoja wa Handeni na mzee mmoja wa Chogo wavitamke kwa nafsi zote, kwa njeo zote, kwa kukubali na kwa kukana, halafu andikeni majedwali na wekeni alama pale sauti inapopanda. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine ipelekwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.